Waya wa Sanduku la Kushoto

Fundi Sikio hakujipa jina hilo mwenyewe, ingawa alilivaa vizuri kuliko shati lolote alilowahi kushonewa. Alipewa na wateja wake, enzi zile ambazo mtu hakununua spika za nyumbani bila kwanza kumtafuta mwenye sikio la kumchagulia. Kibanda chake cha mbao kilibanwa kati ya kinyozi na muuza mkaa, kikiwa na nafasi ya meza moja, viti viwili na ubishi usio na mwisho. Humo alitengeneza redio, alijenga masanduku ya spika, na aliwahukumu watu wa mtaa mzima kwa jinsi walivyosikiliza.

Kwa maana siku hizo watu walisikiliza. Spika zilikuwa samani kama kabati. Zilinunuliwa mara moja, zikapewa kona yao, zikafutwa vumbi kila Jumamosi, na mwenyewe akifa wanawe waligombania nani atabaki nazo. Mtu aliweka santuri akakaa kitako. Hakuna aliyeongea, na mtoto aliyepita mbele ya masanduku alipita ameinama, kama anayekatiza mbele ya wakubwa. Leo muziki unamwagwa njiani kama maji ya kufulia. Hakuna anayejua wimbo umeanza lini wala umekwisha lini, na kile kikopo kinachoutoa kinaishia jalalani kabla mtoto wa nyumba hajajua kutembea.

Fundi Sikio alikuwa na masharti yake. Sanduku aliligonga kwa kifundo cha kidole, na likilia kama debe alilirudisha lilikotoka. Koni, ile karatasi ya duara inayotikisika na kutoa sauti, aliibonyeza kwa vidole viwili na kuiachia, akataka irudi taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Mteja alimwamuru aje na wimbo wake mwenyewe, anaoujua kuliko anavyomjua mkewe, kwa sababu wimbo wa muuzaji umechaguliwa ili ukudanganye. Na sanduku alilolijenga yeye mwenyewe alilifunga kwa nyuma kwa gundi na utepe wa turubai, kisha akalipiga muhuri wenye umbo la sikio, alioutengeneza kwa kuchonga kisigino cha kiatu. Aliwaambia wateja kwamba atakayelifungua asimjue tena. Hakuna aliyefungua. Neno la fundi siku hizo halikuulizwa swali, na huo nao ulikuwa utaratibu wa zamani, ambao wanaozililia siku hizo huwa hawautaji.

Kibanda kiliondoka zamani. Fundi mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minne, anaishi chumba kimoja na bisibisi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, pale Dada Taipu alipompigia simu.

Dada Taipu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi mpaka alipostaafu, na jina la mashine yake lilimganda. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Alimweleza Fundi kwamba amepangisha sehemu ya mbele ya nyumba na yeye amehamia chumba cha nyuma. Yale masanduku mawili ya spika, kila moja likimfika kiunoni, yanamziba njia ya kwenda kitandani. Binti yake amemshauri anunue kikopo kinachoongea na simu. Yeye hataki kikopo.

"Nataka spika za kunizika," alisema, na kicheko chake kilikuwa kilekile. "Nikinunua hizi sinunui tena. Na sitaki za kuchaguliwa na mwingine, Fundi. Nataka utuchagulie wewe, kama zile."

Alikuwa bado anasema "utuchagulie". Fundi aliitikia kwamba atakuja, akakata simu, akabaki ameishika mkononi kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Maana zile spika alizijua. Alizijenga miaka ishirini na tisa nyuma, na mume wa Dada Taipu ndiye aliyekuja kuzichukua kwa mkokoteni, akitembea kando yake mkono juu ya sanduku, kama anampeleka mgonjwa hospitali. Mtu huyo alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa kufuma, na mwisho wa juma alipiga gitaa la besi katika bendi ya kiwanda. Bendi ilikuwa imerekodi santuri moja, na alizitaka spika nzuri kwa sababu hiyo tu: ajisikie.

Wiki haikuisha akarudi kibandani. Alisema kwa aibu kidogo kwamba besi haipo. Fundi alimjibu kwamba spika mpya ni kama viatu vipya, azivumilie mpaka zilegee. Baada ya mwezi alikuja tena. Safari hii alisema kwamba kwenye redio ndogo ya jirani, yenye spika moja tu, anajisikia waziwazi. Lakini akirudi kwake kwenye masanduku mawili makubwa, gitaa lake linayeyuka. Fundi yeyote mwenye akili angetega sikio hapo. Fundi Sikio alisema waliorekodi bendi hawakujua kazi yao.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi mchana, kibanda kimejaa wazungumzaji, mdogo wa mume huyo akiwemo. Mume alisimama mlangoni akaomba, kwa adabu zake zote, kwamba sanduku lifunguliwe litazamwe ndani. Fundi alihisi amevuliwa nguo mbele za watu. Avunjiwe muhuri wake na mtu wa kiwandani?

"Ndugu yangu," alimwambia, "wewe unashinda kwenye mashine za kufuma. Masikio yako yamejaa pamba. Ubovu haumo kwenye sanduku langu, umo kwenye kichwa chako."

Watu walicheka mpaka kinyozi akaja kuuliza kuna nini. Mdogo wake ndiye aliyecheka zaidi, na ndiye aliyelibeba neno hilo kulipeleka kiwandani. Tangu siku hiyo mtu yule aliitwa Pamba. Kabla mwaka haujaisha aliliacha gitaa. Alisema mpiga besi kiziwi atawaaibisha wenzake jukwaani, akamwachia kijana mwingine, na watu walimsifu kwa kujua mwisho wake.

Hayo yote Fundi angeweza kuyasamehe kama kosa la kutojua. Alikuwa amejifunza kazi peke yake, kwa kubomoa na kuunga, na kwenye meza yake palikuwa na amplifaya yenye mdomo mmoja tu wa kuunga spika, kwa hiyo kila sanduku alilijaribu peke yake. Moja moja yalilia vizuri. Hakujua bado kwamba nyaya za ndani zikigeuzwa kwenye sanduku moja kati ya mawili, koni moja inasukuma hewa mbele wakati mwenzake anaivuta nyuma, na sauti nene zinakutana katikati ya chumba na kuuana. Lakini alikuja kujua. Miaka tisa baadaye mteja alimwachia kitabu cha ufundi kilichochanika jalada, naye akakisoma usiku na mchana kwa kamusi. Alipofika ukurasa unaoeleza jambo hilo, alikumbuka mtu mmoja tu katika wateja wake wote. Akakifunga kitabu.

Ilimpasa aende kutazama. Hakwenda. Alijiambia kwamba huenda si hivyo, kwamba ni zamani, kwamba mwenyewe hajalalamika tena. Akawa anazunguka mtaa wa nyuma ili asipite mlangoni kwao. Kwenye mazishi alikaa mwisho kabisa, akaondoka kabla ya kupeana mikono.

Sasa aliitwa kwa jina na kwa heshima, hakuwa na mtaa wa nyuma wa kuzungukia.

Dada Taipu alimpokea kwa furaha. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimesukumwa ukutani, na masanduku mawili yamesimama pande zote za dirisha, vitambaa vyake vimepauka lakini havijachanika. Alieleza habari za wapangaji wake, mume na mke wanaogombana kwa ujumbe wa simu wakiwa wamekaa kochi moja. Kisha akauliza waanzie wapi. Fundi alisema, kwa desturi yake, waanze kwa kusikiliza zilizopo, ili ijulikane sikio limezoea nini. Dada Taipu akatia kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye ile santuri ya bendi ya kiwanda.

Fundi aliketi katikati, kama alivyofundisha watu maisha yake yote. Sauti ya mwimbaji ilikuja ikiwa haina kwao: si kushoto, si kulia, wala si mbele, kama inatokea nyuma ya kisogo. Na chini yake, pale gitaa la besi lilipotakiwa kuubeba wimbo, palikuwa patupu.

"Hapo," Dada Taipu alisema akitabasamu, "marehemu alikuwa ananyanyua kidole. Ananiuliza, nasikika? Namwambia, wapi, baba watoto, labda siku hiyo ulikuwa umetoka kwenda msalani. Tulicheka maisha yetu yote na huo wimbo. Mimi nilicheka, hasa."

Akaendelea kusimulia bila kuulizwa. Alimpazia mumewe sauti miaka ishirini na mitano, mpaka majirani wakazijua siri za nyumba nzima. Yeye mume hakulalamika. Jambo la ajabu, alisema, ni kwamba ukifungua kopo la sukari jikoni, na mlango wa chumbani umefungwa, mwenyewe utamsikia anaita kwamba naye anataka chai. "Masikio mabovu, lakini tamaa haizibi," alisema Dada Taipu, akaenda kuchemsha maji.

Fundi alisikia mfuniko wa sufuria. Alichomoa betri moja kutoka kwenye rimoti ya televisheni, akatoa vipande viwili vya waya mfukoni, akapiga magoti nyuma ya sanduku la kulia. Alizima amplifaya, akazichomoa nyaya, akakiinua kitambaa cha mbele, akagusisha betri akichungulia. Koni ikasukumwa mbele, taratibu, kama inavyotakiwa. Akahamia la kushoto. Akagusisha betri vilevile, upande uleule. Koni ikaingia ndani.

Alirudia mara tatu, kama mtu anayepekua mfuko mmoja akitafuta ufunguo anaojua haumo.

Dawa yake ilikuwa ya nusu dakika. Nyaya mbili nyuma ya sanduku la kushoto, abadilishe nafasi, basi. Hata muhuri usingeguswa. Mkono ulikwenda ukafika, kisha ukarudi. Besi ikitokea sasa hivi, mwenye nyumba atauliza ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Akazirudisha nyaya kama zilivyokuwa, akairudisha betri kwenye rimoti, na Dada Taipu alipoingia na chai alimkuta ameketi, amekunja mikono.

Fundi akamwambia spika hizi zimekwisha. Gundi imekauka, koni zimechoka, hata jirani asipewe. Alisema ana mtu mwenye mkokoteni, atazichukua leo hii, dada asihangaike. Yalikuwa maneno ya uongo yote. Kingo za koni, za kitambaa alichokipaka gundi kwa mkono wake mwenyewe, hazikuwa na ufa hata mmoja.

Dada Taipu aliweka kikombe chini. "Wewe ndiye uliyetuapia zitaishi kuliko sisi," alisema. "Leo ndiye unayezikimbiza kama zina kunguni?"

Fundi akajibu kwamba kila kitu na siku zake. Dada Taipu akasema basi hazitoki mpaka mpya zipatikane. Chai hakuimaliza.

Asubuhi ya pili yake walikwenda dukani. Lilikuwa duka la vioo, lenye mwanga mwingi na viyoyozi, na vitu vya kila rangi vilivyokuwa vikipiga nyimbo tofauti kwa wakati mmoja, bila kumsumbua yeyote. Mwuzaji, mama wa makamo aliyejua kazi yake, aliwaonyesha spika za plastiki zenye taa zinazobadilika. Fundi akageuza moja akatafuta parafujo. Mwuzaji alimwambia hiyo haifunguki, mzee. Ikiharibika ndani ya mwaka unapewa nyingine. Fundi alikuwa na hotuba juu ya vitu visivyofunguka, hotuba ya robo saa ambayo jamaa zake waliijua kwa moyo. Alifumbua mdomo, akaukumbuka utepe wa turubai, akaufumba.

Kwenye rafu ya chini, zikiwa na vumbi kidogo kwa kukosa waulizaji, alikuta spika mbili ndogo za mbao, zenye waya wa kawaida na parafujo nane nyuma. Aligonga. Hazikulia kama debe. Alibonyeza koni ikapumua. Kingo zilikuwa za mpira mzuri, si sponji ile inayobomoka baada ya miaka kumi. Zilikuwa spika za kukaa nazo. Alifurahi bila kutaka, kama fundi anavyofurahi akiona mkono wa fundi mwingine asiyemjua. Akaomba ziunganishwe. Dada Taipu akatoa simu, ambamo binti yake alikuwa amemwekea nyimbo za ile kanda, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri wa Fundi, akachagua ule wimbo wa mumewe.

Besi ilikuja tangu pigo la kwanza. Haikuwa kubwa. Ilitembea tu chini ya wimbo, haina haraka, ikamsubiri mwimbaji pale alipochelewa, ikamtangulia pale aliposita. Kila mtu mwingine kwenye bendi ile alikuwa amemwegemea mpigaji huyo, na kumbe ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote.

Dada Taipu alishika ukingo wa rafu.

"Nani huyo?" aliuliza.

Aliuliza, lakini alikuwa anajua. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho kinywa wazi, na ulipokwisha akamgeukia mwuzaji, akamwambia kwamba ana wimbo huu nyumbani miaka yote na hajawahi kumsikia huyu. Mwuzaji alifurahi. Alieleza kwamba spika za zamani hazikuwa na uwezo wa kutoa sauti za chini. Siku hizi teknolojia imekua.

"Ni kweli, Fundi?" aliuliza Dada Taipu.

Hapo palikuwa na mlango uliofunguliwa na mtu mwingine kabisa, bila yeye kuomba. Maisha yake yote alikuwa amepigana na maneno hayo. Alikuwa amewanunia wapwa zake kwa ajili yake. Sasa aliyaona kama uvungu wa kitanda, akajificha humo.

"Ni kweli," alisema.

Dada Taipu akaridhika. Akamwambia mwuzaji afunge mzigo. Na wakati sanduku la karatasi linatafutwa, akasema, si kwa Fundi hasa, bali kama mtu anayeongea na kilicho moyoni: "Maskini baba watoto. Angekuwa hai, hata na uziwi wake, nadhani kwa hizi angejisikia."

Fundi alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe, inang'aa, haina mahali pa kuweka macho. Alihisi shingo inamwaka, kisha masikio yenyewe, yale aliyopewa jina kwa ajili yake. Mtu yule alikuwa amezikwa akiwa kiziwi, na sasa alikuwa anazikwa tena mbele yake, kwa huruma, na mke wake.

"Hakuwa kiziwi, dada," alisema.

Dada Taipu alidhani ni maneno ya kufariji. Ikabidi Fundi aseme yote, hapo hapo, taa za spika za plastiki zikimbadilishia uso rangi, mwuzaji amesimama na gundi ya karatasi mkononi. Aliieleza betri. Akaeleza koni inayotoka na koni inayoingia. Dada Taipu hakuelewa habari za nyaya, akamwambia arudie, naye akarudia kwa maneno mepesi zaidi, mpaka yakawa mepesi kuliko alivyoweza kuvumilia: alikosea kuunga waya mmoja, na aliyekuja kumwambia alimwita kiziwi.

"Usilipe," alimalizia. "Twende nyumbani kwanza."

Wakashika njia ya nyumbani. Fundi alibaki hatua moja nyuma. Chumbani alipiga magoti nyuma ya sanduku la kushoto, akachomoa nyaya mbili, akazibadilisha nafasi, akainuka kwa kushika dirisha. Nusu dakika kweli. Dada Taipu akabonyeza kanda.

Zile spika ndogo za dukani zilikuwa zimemwonyesha mumewe kama picha. Haya masanduku yalimwingiza ndani. Glasi juu ya meza ilianza kutetemeka kidogo kwenye kisahani chake. Mwimbaji alikuja mbele, akasimama katikati ya dirisha kama mtu, na chini yake, kwenye sakafu, kwenye miguu ya kitanda, mtu wa kiwandani akapiga gitaa lake lote, kila noti aliyowahi kunyanyulia kidole na kuambiwa haipo.

Dada Taipu alirudisha kanda nyuma akasikiliza tena. Akarudisha tena. Hakulia. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama alivyokuwa akikaa mbele ya mashine yake akisubiri kusomewa barua. Mara ya tatu ilipokwisha akazima.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Angeweza kusema jana. Betri ya rimoti ingekuwa shahidi wake.

"Miaka ishirini iliyopita," alisema. "Nilisoma kwenye kitabu. Sikuwa na uhakika, lakini nilijua."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Gitaa alikuwa bado analo. Lilikuwa juu ya kabati. Aliliuza baadaye, binti yetu alipoolewa." Akamgeukia. "Ulikuwa unapita wapi miaka yote? Maana nilikuwa nikimwambia, Fundi siku hizi amepotea. Ananiambia, ni mtu wa kazi nyingi, mwache. Alikuwa anakuombea udhuru."

Fundi alisema alikuwa anapita mtaa wa nyuma.

Alianza kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, maneno mazuri, mengine ya vitabuni. Dada Taipu alimnyanyulia mkono. Alisema msamaha si wake kuutoa, na akiutoa hautakuwa na maana, kwa sababu na yeye yumo. Aliyemcheka mumewe kila mara wimbo ule ulipopigwa hakuwa Fundi. Aliyempazia sauti miaka ishirini na mitano hakuwa Fundi. Angeweza kuliuliza lile kopo la sukari mara moja tu, hata siku moja, lakini aliliamini neno la fundi kuliko masikio ya mtu anayelala naye.

"Nilimcheka kwa ajili yako," alisema, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika kidogo, akaikaza. "Haya. Hizi haziendi popote. Nitaisogeza meza, nitalala hata kwa kujikunja. Dukani uende wewe ukawaambie hatununui. Na zikiharibika nitatafuta fundi mwingine, nitamwambia azifungue."

Fundi aliitikia. Aliokota bisibisi yake, akaelekea mlangoni. Alikuwa hajafika.

"Hujamaliza," alisema Dada Taipu. "Uliyasema mbele za watu. Mimi ni mtu mmoja."

Alikuwa amekwisha kuchukua simu. Alimpigia mdogo wa mumewe, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya sanduku la kushoto. Shemeji yake alipokea kwa kelele za kawaida za salamu, habari za afya, habari za wapangaji. Dada Taipu alimwambia kuna mtu hapa ana neno la kusema, amsikilize mpaka mwisho.

Fundi Sikio aliinamia ile simu. Alijitaja, na yule bwana akacheka kwa furaha, akauliza kumbe bado yupo duniani. Kisha akamweleza. Aliieleza mara ya kwanza, na ya pili, na ile Jumamosi. Aliieleza betri. Hakutia maneno ya vitabuni. Alipomaliza, alisikia televisheni ya upande wa pili ikizimwa.

"Lile jina nililipeleka kiwandani mimi," ilisema sauti ya shemeji. "Nilikuwa namwita hivyo mpaka wodini. Wanangu wanamjua kama Baba Mkubwa Pamba, sidhani kama wanalijua jina lake jingine. Fundi, usikate. Mke wangu yupo uani, na watoto wawili wako hapa na wake zao. Nawaita. Uanze mwanzo, pale alipokuja mara ya kwanza."

Fundi alisema sawa. Simu iliwekwa chini huko mbali. Zilisikika hatua zikienda, mtu akiitwa, mwingine akiuliza kuna nini tena, na viti vikiburutwa kimoja kimoja. Dada Taipu alikuwa amegeukia dirishani. Hakumpa kiti, naye hakuomba. Alisimama ameinamia sanduku alilolijenga kwa mikono yake, akihesabu bila kutaka ni viti vingapi.

"Haya, Fundi," ilisema sauti. "Tupo wote."

Akaanza.